Kompyuta Inayojizima na Kaka Yako Aliyehamia Jikoni

Kwa Shemeji, Fundi wa Kompyuta

YAHUSU: MEMORI ULIYOTUONGEZEA

Shemeji,

Natumaini u mzima na duka linakwenda vizuri. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa kompyuta, na kwa sababu yake, mimi.

Utakumbuka ulikuja kuongeza memori ili kaka yako amalize kukata na kuunga video ya harusi ya binti yetu, ambaye amechoka kuiulizia. Ulifungua sanduku la mashine, ukachomeka kipande kipya kando ya kile cha zamani, ukanywa chai, ukasema, "Sasa itakimbia." Kweli inakimbia. Kila mara bwana harusi anapokaribia kumvisha mwenzake pete, skrini inakuwa nyeusi na mashine inajiwasha upya. Watoto wale hawajaoana mpaka leo.

Kwa heshima zote, madhara yake ni haya:

1. Mashine ikijizima, kaka yako huja jikoni kusubiri iwake. Unajua alistaafu akiwa mtunza ghala, hawezi kusubiri bila kupanga kitu. Sukari yangu ameipandisha rafu ya juu kabisa kwa kuwa, anasema, "haina mzunguko mkubwa." Nyumba nzima hii tunakunywa chai.

2. Alipoanza kutafuta mchawi, la kwanza kushukiwa likawa friji. Akasema linavuta umeme wote, akalichomoa. Mashine ikajizima vilevile, na maziwa yakachacha. Kisha ikawa zamu ya pasi. Siku hizi napiga pasi kwa jirani, na jirani ameanza kuniuliza kama kwangu kuna amani.

3. Akahamia kwenye joto. Sanduku likavuliwa ubavu, likawekwa juu ya meza ya chakula, na feni ikaelekezwa humo. Sisi binadamu tunakula tumepakata sahani huku jasho linatutoka. Vumbi la ndani amelitoa kwa brashi yangu ya poda.

4. Hili ndilo kubwa. Ulimwambia kwa simu kwamba kifaa kikisumbua kizimwe, kipumzike, kiwashwe tena. Juzi nilipokuwa namfokea, alinitazama kwa upole akasema, "Mama watoto, hebu toka nje kidogo, halafu urudi." Nikatoka. Kilichoniuma ni kwamba nilirudi sina hasira.

5. Anaongea. Miaka yote alikuwa mtu wa kuguna tu. Sasa anaegemea mlango wa jiko akinisimulia alivyoniona mara ya kwanza, nikibishana na karani wa posta kuhusu stempu. Mashine ikiwaka, anakimbia. Ikijizima, anarudi na kuanza hadithi mwanzo kabisa. Viazi vinaungua.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: uje utoe memori yako, uturudishie kompyuta yetu ya mwendo wa kobe, au umchukue kaka yako akae dukani kwako mpaka ipone, au, kama utaalamu wako unafika huko, kipande hicho umwekee yeye, kwani jana tulikwenda sokoni pamoja, akarudi na kila kitu isipokuwa mimi.

Wasalimie mkeo, watoto, na mama mkwe wangu, umwambie mwanawe anakula vizuri.

Ni mimi ninayekuheshimu, ingawa kwa shida,

Mke wa kaka yako

Baada ya kusaini: Kabla sijafunga bahasha, kaka yako alichomoa vipande vyote viwili, akajaribu kimoja kimoja. Cha zamani peke yake, mashine ikatulia. Chako, ikajizima. Akakisugua meno yake ya kuchomekea kwa kifutio cha penseli, akakirudisha na kukikandamiza mpaka vibanio vya pande zote vikalia "ta." Kumbe hukukisukuma hadi mwisho. Tangu hapo haijajizima. Pete imevishwa, keki imekatwa, binti amefurahi. Kaka yako yuko chumbani, mlango umefungwa, hajatoka tangu asubuhi. Jikoni kumekuwa kimya hadi nasikia maji yakianza kuchemka. Basi, shemeji, yote niliyoandika hapo juu yafute. Jumamosi ukipata nafasi, njoo utuongezee memori nyingine, na tafadhali uisukume kwa mkono uleule.