Sura ya Tano na Boti ya Mjomba

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudi! Baada ya mapumziko mafupi ya miaka saba, riwaya yangu inaendelea. Kelera, mke wangu, amenipa hadi Jumamosi. Sura ya tano ikiisha, nabaki nyumbani kama mwandishi. Isipoisha, Jumatatu ijayo naanza kazi kwa kaka yake, kwenye kiwanda cha mbao kule Labasa. Mimi! Nibebe mbao!

Nimeigeuza meza ielekee ukutani, nisiione ghuba. Nikaandika "Sura ya Tano". Nikaipigia mstari. Akaingia binamu Vilimoni, akasema anaiomba meza, ana wageni. Hapa Savusavu, kisiwani kwetu, ndugu akikuomba kitu humnyimi, na binamu ndiyo kabisa. Meza imeondoka.

Jumanne, 4 Juni
Mbinu: nimejilaza kitandani na kutangaza kwamba nina ugonjwa wa kuambukiza. Nani atakuja kumwomba mgonjwa kitu? Kweli, hakuna aliyeomba. Wamekuja kuniombea! Shangazi wamejaa nyumba nzima na nyimbo zao, mchungaji kanishika kipaji cha uso, huku daftari likinichoma mgongoni chini ya shuka. Wameacha mihogo na samaki wa nazi. Nimekula sana kwa mgonjwa. Sijaandika neno.

Jumatano, 5 Juni
Leo nimeomba mimi. Nimemwendea Vilimoni nikamwomba chumba chake cha nyuma. Hana ujanja, kanipa. Ila mwenyewe hana kazi, akaja kukaa mlangoni. Akaomba nimsomee. Moyoni nilifurahi, sitaficha. Nikasoma sura zote nne: kijana Eroni anaiba boti ya mjomba wake na kutoroka, polisi wa visiwa vyote wanamsaka.

Vilimoni akauliza kama mjomba huyo ni kaka wa mama yake Eroni. Nikasema ndiyo, tumbo moja.

"Sasa kaiba nini, binamu? Si mpwa huyo! Boti ni yake toka siku aliyozaliwa. Hao polisi wako wana wazimu?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Nimerudi nyumbani na daftari kwapani. Ni kweli, mtoto wa dada huchukua cha mjomba apendavyo, na mjomba hutabasamu tu. Mimi mwenyewe nilimchukulia mjomba nguruwe wake wote kwa ajili ya harusi yangu. Miaka yote hii nilidhani nimeishiwa msukumo, kumbe hadithi yenyewe haina wizi. Nimeumia.

Alhamisi, 6 Juni
Vilimoni kaja na ushauri. Nimgeuze mjomba awe baba mkubwa, maana cha baba mkubwa hakichukuliwi hivi hivi. Neno moja tu, na sura zote nne zinapona. Ya tano itajiandika. Nimemjibu kwamba sanaa haifundishwi na watu wanaoweka miguu juu ya meza yangu. Ushauri ni mzuri mno. Ungekuwa wangu ningeutumia. Nimetafuta wa kwangu kutwa nzima. Sijaupata.

Ijumaa, 7 Juni
Vilimoni amekuja tena. Safari hii anaiomba hadithi yenyewe, maadamu siitumii. Kelera alikuwa amesimama pale pale, anatazama nitafanya nini. Nikaitoa. Ningefanyaje?

Jumamosi, 8 Juni
Bakuli la yangona, kinywaji chetu cha mizizi, kwa Vilimoni, watu wamejaa hadi uani. Ameisimulia hadithi yangu kwa mdomo, mjomba kashageuka baba mkubwa, na mwisho akautunga hapo hapo: Eroni yuko katikati ya bahari, na nguruwe wa baba mkubwa wamelala ndani ya boti. Shangazi walilia kwa kucheka. Kelera alimwaga yangona yake. Hajawahi kuchekea kitu nilichoandika. Ni riwaya ya huzuni, lakini hata hivyo, angalau tabasamu.

Njiani kurudi, Kelera akaniambia kwa upole: "Baba Losana, Jumatatu basi la Labasa linaondoka asubuhi na mapema." Nilitamani anigombeze. Iliniuma sana.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nimefunga mzigo. Vilimoni kaja kuniaga, akasema nikiitaka hadithi yangu niiombe, hatanikatalia. Nimekataa kuomba. Mwandishi hatazami nyuma!

Isitoshe, nimepata riwaya mpya, nzito zaidi. Nitaiandika kiwandani saa za chakula, na kabla ya Krismasi itakuwa imekwisha. Sentensi ya kwanza ninayo tayari: "Usiku ule Jone aliiba ng'ombe wa mjomba wake, na nchi nzima ikatetemeka."