Kisu Kisichomjeruhi Mtu

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya Kamati ya Uteuzi wa Kisu Salama cha Kukunja cha Mkambi Mdogo, natangaza kwamba kisu kimepatikana. Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Maneno ya mitaani kwamba Mkurugenzi wetu alining'inia kwenye mlingoti wa bendera yametiwa chumvi: vidole vyake vya miguu viligusa ardhi muda wote.

Kazi ilianza vizuri, katika chumba cha mikutano chenye feni moja inayozunguka na nyingine inayosubiri idhini. Watoto wa kambi ya likizo walihitaji kisu cha mfukoni cha kukatia kamba za mahema, kumenyea viazi na kuchongea vijiti. Mlezi wa kambi ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye wote tunamwita Shangazi, ingawa ni shangazi wa damu wa Mkurugenzi peke yake. Alileta kimoja mezani: kinaenea kiganjani mwa mtoto, kina ncha ya duara, na kina kifungio kinachozuia bapa lisijikunjie vidoleni.

"Kinakata?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kisu, mwanangu, kitakosaje kukata?"

"Basi hapo ndipo penye tatizo," alisema Mkurugenzi, nasi tukaandika.

Utafiti wa kina ulibaini kwamba majeraha yote ya visu husababishwa na makali. Kamati ikaazimia makali yaondolewe. Ikaazimia pia kifungio kiwe kigumu kiasi kwamba kisu kifunguliwe na watu wazima wawili, kila mmoja akivuta upande wake. Ili kisipotee, kitavaliwa shingoni kwa kamba ndefu ya nailoni yenye fundo la usalama, lisilopita kichwani likishakazwa. Kamba hiyo tuliijaribu kwa kuvutia gari la ofisi lililoharibika. Gari lilisogea, kamba haikushtuka.

Shangazi alikishika kisu chetu, akakigeuza, akakirudisha mezani.

"Hiki ni kijiko kilichokosa kikombe," alisema.

Kauli hiyo haikuingia kwenye kumbukumbu za kikao kwa kuwa hakuna aliyeiunga mkono.

Siku ya uzinduzi wakubwa kutoka wizarani walikaa chini ya turubai. Ilisemekana wanamwangalia Mkurugenzi kwa ajili ya cheo kipya, naye alikuwa ameshashona suti ya cheo hicho. Visu vyote vya kambini, hata vya jikoni, vilikusanywa kwenye sanduku la chuma, nalo likafungwa kwa kamba ileile, kwa usalama zaidi. Wapishi walimenya viazi kwa kucha na hawakulalamika mbele ya wageni.

Mkurugenzi alivaa kisu shingoni, akakataa msaada, akaanza kupandisha bendera mwenyewe. Kamba ya kisu ikanasa kwenye kulabu ya bendera. Bendera ikapanda, naye akaanza kupanda nayo. Alidhani ni uzito wa shughuli, akavuta kwa nguvu zaidi, mpaka kamba ya mlingoti ikakwama kule juu, haiendi wala hairudi. Alibaki amesimama kwa ncha za vidole, mikono miwili ikiishikilia kamba ya shingoni. Viti vya kumsimamisha vilikuwepo, lakini vyote vilikuwa na majina ya wageni.

"Katibu, kata," alisema kwa sauti nyembamba.

Mimi na mweka hazina tukavuta, kisu salama kikafunguka. Nilikereza kamba kwa bidii. Kamba ikang'aa. Tukakimbilia sanduku la visu, ambalo, kama nilivyoeleza, lilikuwa limefungwa vizuri.

Kusema kweli niliogopa. Uso wa bosi wangu ulikuwa unabadilika rangi, na yeye ndiye anayenisainia likizo.

Shangazi alikuja taratibu akipangusa mikono, akatoa kwenye mfuko wa aproni kile kisu chake cha mwanzo. Hakuwa amekisalimisha.

"Wewe mtoto," alisema, "makali yaingie kwenye azimio au yasiingie?"

"Yaingie, shangazi."

"Na kifungio anachokiweza mtoto mwenyewe?"

"Anachokiweza."

"Sema kwa sauti. Wajumbe hawajasikia."

"Naunga mkono," alisema Mkurugenzi, nami nikaandika.

Ndipo Shangazi akamkabidhi kisu msichana mmoja wa kambini, mwanafunzi wake wa kukata. "Rudini nyuma, nyie," msichana alituambia. "Na wewe mheshimiwa, usitikisike." Akapanda kwenye kiti cha mgeni rasmi bila kusoma jina, akageuza makali upande wa mlingoti, mbali na shingo, akakata. Mkurugenzi akakaa chini pu. Wakubwa wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Walifurahi hata wakapitisha palepale kanuni ya Shangazi: hapewi kisu mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, kabla ya kufaulu somo lake la kukata. Kwa kuwa walikuwa wanatazama, Mkurugenzi aliketi majanini na watoto, na suti yake mpya. Watoto wote walifaulu. Yeye alichonga kijiti akielekeza makali kwenye kidole gumba chake. Habari za cheo hazijasikika tena.

Matokeo rasmi ya kamati, kwa hiyo, ni kwamba watoto wamepata kisu kinachokata. Kisu salama nacho hakikutupwa. Kimetengewa Mkurugenzi peke yake hadi atakapofaulu. Hukorogea chai. Kila asubuhi, chai ikishafika, mimi na mweka hazina huingia ofisini kwake, tukavuta kila mmoja upande wake, tukamfungulia.