Uzinduzi wa Wodi Iliyopigwa Picha Vizuri

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuratibu kamati, mganga mfawidhi wa kituo hiki cha afya, mama mkunga, akina mama mlioketi sakafuni katika korido hii kwa moyo wa uzalendo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anapiga chafya.)

Nimesimama mbele yenu, kando ya kitanda hiki, kuzindua wodi ya wazazi ambayo, kwa mujibu wa mkakati wetu jumuishi wa utekelezaji wa vipaumbele, imekamilika kwa asilimia mia moja na nne, na ushahidi ni picha nne zilizobandikwa ukutani. (Sauti: "Hizo asilimia nne zilizozidi mia ni za nini?") Hizo, ndugu yangu, ni nyongeza.

Picha ya kwanza. Mnakiona kitanda, shuka nyeupe, kila uzi unahesabika, na nyuma yake ukungu mtupu. Mpiga picha wetu alitaka chumba chote kionekane, nikamwelekeza kitaalamu: binti yangu, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, fokasi iwe kwenye mto tu. Ukungu huo, wananchi, ndio vitanda vingine thelathini na tisa. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni teknolojia.

Picha ya pili inajibu kilio chenu cha upungufu wa watumishi. Wauguzi saba ndani ya chumba kimoja! (Mama mmoja: "Mbona wote wana kiraka begani, tena bega lile lile?") Hiyo ni sare, mama. Tuliziba madirisha, giza likawa totoro, shata, yaani kilango cha kamera, ikaachwa wazi, muuguzi akawa anahama kona hadi kona, na kila aliposimama flashi ikawaka. Kwa dakika moja tuliajiri watu saba bila usaili. (Muuguzi: "Na likizo nitapewa saba?") Tutaunda kamati.

Picha ya tatu ndiyo fahari ya ofisi yangu. Korido hii hii, mchana kweupe, na foleni hakuna! Tuliisimamisha kamera kwenye stendi, tukaweka kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, tukaacha shata wazi dakika nne nzima, na kila aliyekuwa akipitapita hakuacha hata kivuli. Wagonjwa mia mbili tumewamaliza kwa mkupuo. (Makofi machache. Mama mkunga anasimama: "Na huyu aliyebaki chini ya dirisha?") Hiyo, mama mkunga, ni dosari ndogo ya kiufundi. ("Dosari gani? Wenzake walikuwa wanatembea. Huyu alikuwa na uchungu tangu alfajiri, hata kugeuka hawezi. Alijifungulia hapo hapo kwenye saruji usiku, mimi nimeng'ata tochi kwa meno.")

(Mheshimiwa anamgeukia mpiga picha.)

Mpiga picha, ungemwomba atikisike kidogo. (Mpiga picha: "Niliona haya, mheshimiwa.")

Tuendelee. Picha ya nne ni mimi nikikata utepe, nimepigwa kutokea chini ili nirefuke, kwa hiyo haihitaji maelezo.

Sasa nikisema "wodi", nyinyi mseme "ipo!" Wodi! (Kikohozi.) Wodi! (Sauti nyingi: "Iko wapi?") Asanteni kwa mwitikio.

Kwa kumalizia, namshukuru mwalimu mkuu wa shule jirani aliyetuachia stoo yake ya madawati tupige picha, na namjulisha kwamba madawati sasa anaweza kuyarudisha ndani; namshukuru muuguzi aliyejitolea siku yake ya mapumziko; na kwa namna ya pekee namshukuru mwenye duka la samani aliyetuazima kitanda hiki, ambaye wapagazi wake wamefika kukichukua kwa kuwa kimepata mteja. Wapagazi, nyanyueni. (Wapagazi wanakaribia, wanasita. Mama mkunga ameshamlaza juu ya kitanda mama mmoja aliyekuwa akiugulia uchungu sakafuni.) Mama mkunga, kitanda hicho kina mwenyewe!

(Mama mkunga: "Mwenyewe atakikuta. Nyinyi wapagazi wawili, shikeni hii shuka huku na huku, mtuzibe. Muuguzi, maji ya moto. Na wewe, mheshimiwa, geukia ukutani.")