Vita Vyangu vya Kimego

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshindwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Sikubali.

Niandike vizuri, vizazi vijavyo vielewe. Ofisi yetu iko juu ya duka la vitambaa la babake Farhiya, mjini Kisii. Tuko watatu. Farhiya ndiye aliyeiunda Pembua. Unaipa kanuni za lugha, hata lugha ndogo ya maagizo ya duka, nayo inakutengenezea programu ya kuisoma lugha hiyo na kuikata vipande vyenye maana. Mimi na Gesare wa Mosocho tunaandika mwongozo wake.

Asubuhi Farhiya, ambaye amefunga Ramadhani na haongei zaidi ya inavyohitajika, alisema kitu kimoja kina majina matatu katika mwongozo. Kile kijisehemu kidogo kabisa ambacho Pembua inakitambua, neno au namba, yeye amekiita kipande. Gesare amekiita tokeni. Mimi, kimego. Msomaji atadhani ni vitu vitatu. Tuchague jina moja.

Kipande alikiondoa mwenyewe, maana hapa kwetu kipande ni kitambulisho. Nikasimama. Nikaeleza kwamba mtu humega ugali, na Pembua humega maandishi, basi kinachomegwa ni kimego. Kiswahili safi. Gesare akasema programu yenyewe imeandikwa ikitambua neno TOKENI, na mwongozo hauwezi kusema lingine. Nikamwambia tokeni ni ya stima, zile namba za kuingiza kwenye mita. Farhiya akamuunga mkono Gesare.

Kibaya zaidi, orodha ya istilahi amepewa Gesare. Jina lake litachapwa ukurasa wa kwanza: Mhariri wa Istilahi. Cheo hicho nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda sokoni Mosocho, kwao Gesare kabisa, kuuliza wananchi. Wauza ndizi kumi. Tokeni ni nini? Tisa walisema ni ya stima. Wa kumi aliuliza kama nimekuja kutengeneza mita yake, na kwa nini nimechelewa.

Niliwasilisha matokeo kwa chati ya rangi. Gesare akauliza ni wangapi kati ya hao kumi wanaotumia Pembua. Swali la hila.

Jumatano, 5 Machi

Bahati! Gesare ameitwa kwa daktari wa meno. Nakala ya majaribio inatakiwa kesho Ekerenyo kwa Mwalimu Nyakundi, ambaye wanafunzi wake watakuwa wa kwanza kuitumia. Gesare akaniachia niichape. Akanisihi nisiguse kitu.

Sikugusa kitu. Niligusa kitufe kimoja tu, cha kutafuta na kubadilisha. Tokeni iwe kimego. Mahali mia mbili na kumi na nne, chini ya sekunde moja. Sikusoma tena. Mtu anayejiamini hasomi tena.

Alhamisi, 6 Machi

Ekerenyo. Mvua. Wanafunzi kumi na mmoja, kompyuta sita.

Mbele aliketi msichana anayeitwa Nyakerario. Mjomba wake, Mzee Momanyi, ni mchongaji wa mawe kule Tabaka. Wanunuzi humwandikia maagizo kwa simu, viboko wanne weusi, sahani mbili nyeupe, naye huyachanganya kwa sababu macho yamechoka. Nyakerario alitaka programu ya kuyasoma na kuyapanga. Alikuwa amemwalika mzee aje aone. Alikuja, nguo zake za kanisani zikiwa na vumbi la mawe kwenye mikono.

Nyakerario alinakili mfano wa ukurasa wa tano, herufi kwa herufi. Pembua ikajibu: Mstari wa tatu, sijui KIMEGO.

Kompyuta zote sita, jibu lilelile. Mwalimu Nyakundi akanitazama. Nikasema ni mtandao. Akasema Pembua haitumii mtandao.

Nyakerario akaanza kuusoma mwongozo kwa sauti, polepole, akitafuta kosa lake. Farhiya, kwa heshima ya wasomaji wengi, alikuwa ameandika kwamba mkimaliza tokeni nje ya programu, yaani ondokeni. Sasa ilisomeka: mkimaliza kimego nje ya programu. Akauliza kwa adabu hilo linafanywaje. Kisha akafika kwenye orodha ya Gesare. "Kimego: tumia neno hili kila mara. Usitumie kimego."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alidhani ni yeye asiyeelewa.

Saa kumi Mzee Momanyi akainuka, akarudisha simu mfukoni, akamwambia mpwa wake si kitu, ataendelea kuyasoma mwenyewe. Nyakerario akaizima kompyuta taratibu.

Nilijisikia vibaya njia nzima ya kurudi. Nilipofika Kisii nilikuwa nimeshatambua kosa ni la Pembua. Programu isiyojua neno zuri ni programu maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Farhiya hakupandisha sauti. Aliuliza kama ni mimi. Nikasema ni lugha yenyewe iliyojichagulia. Akasema:

"Onyiego, yule msichana hakuja kukusoma wewe. Alikuja kumsaidia mjomba wake."

Niliikunja ile chati yangu ya rangi, nikaitia kwenye droo.

Gesare, shavu limevimba, alirekebisha mahali pote mia mbili na kumi na nne kwa mkono, akatuma nakala mpya. Jioni Mwalimu Nyakundi akapiga simu. Programu ya Nyakerario imesoma maagizo ya mzee bila kukosea hata moja. Mzee amecheka mpaka akakohoa. Nilifurahi kidogo. Sikumwonyesha mtu.

Mimi nimeondolewa kwenye mwongozo. Kuanzia sasa nitashughulikia ujumbe ambao Pembua humwonyesha mtu anapokwama. Wanadhani wamenificha.

Jumapili, 9 Machi

Jana ilikuwa Sabato, sikugusa kompyuta. Nilipanga tu kichwani wakati wa mahubiri.

Leo nimeufungua ule ujumbe wote. Aibu tupu. Mahali pengine pameandikwa "kosa", pengine "hitilafu". Kitu kimoja, majina mawili! Na hakuna aliyeona ila mimi. Dawa yake ninayo: mkwamo. Neno fupi, letu, halimlaumu mtu.

Ningeweza kupitia mstari mmoja mmoja. Ni kazi ya wiki nzima. Ningeweza kumuuliza Gesare. Sitamuuliza Gesare.

Nimebonyeza.

Hitilafu imetoweka. Kosa limetoweka. Na kila palipokuwa na "makosa" sasa pameandikwa "mamkwamo".

Nimelitamka mara tatu. Mamkwamo. Lina uzito wake. Naliacha.