Redio ya Bendi Zote na Safari ya Kasoli

Jumatatu, 1 Julai 1996

Basi! Nimeamua. Nanunua redio ya maana. Nimechoka na hiki kiredio cha betri mbili ambacho lazima ukipige kofi ndipo kikupe taarifa ya habari.

Sababu ni Hilali. Hilali ana duka karibu na stendi ya Bariadi, ana redio ya bendi tisa, na ana kadi kumi na moja kutoka stesheni za Ulaya na Asia. Sisi wasikilizaji wa redio za mbali mchezo wetu ndio huu: unaipata stesheni, unaiandikia barua kueleza umeisikiaje, nao wanakurudishia kadi yenye picha. Mimi ninazo tatu. Moja ina tone la mchuzi. Yeye zake kazipanga chini ya kioo cha kaunta, hata mtu aliyekuja kununua chumvi lazima azione. Leo nimemwamkia kwa Kisukuma, mwadila, kwa heshima zote, akanijibu kwa kuuliza kama redio yangu imeshafika walau Mwanza. Wateja wakacheka. Nililipia kiberiti nikakiacha pale pale kaunta.

Mungu si Athumani! Narudi nyumbani nakutana na fundi Joakim. Anasema kaachiwa redio tatu kubwa na mzungu wa mradi wa visima. Mradi umefungwa, mzungu karudi kwao. Nikachague.

Jumanne, 2 Julai 1996

Nimekaa kwa Joakim tangu saa tatu asubuhi mpaka akaniuliza kama nimehamia.

Kuchagua si kazi ndogo. Ya kwanza ni nyeusi, nzito, na gurudumu lake la kutafutia stesheni linazunguka laini hadi unajiona waziri. Lakini inataka umeme. Kwangu umeme hauna habari nako. Ya pili ni ya mkononi, inanasa mpaka marubani wa ndege, na inatafuta yenyewe bila kuguswa. Nimesubiri saa mbili nzima. Rubani mmoja akasema neno moja, akapita.

Ya tatu! Ya mezani, ya kijivu, inakula betri ya gari, inashika kila wimbi aliloumba Mungu. Na ina kitufe. Joakim akanieleza kwamba redio kolu, zile za kuitana na kujibizana za makampuni na misheni, kwenye redio zetu hizi, hutoka kama sauti ya bata. Ukibonyeza kitufe hicho na kuzungusha polepole, bata anageuka mtu. Akabonyeza. Bata akageuka mtu! Mtu huyo alikuwa akijiita Tausi Moja, na alikuwa akimwambia mwenzake Tausi Mbili kesho apeleke mzani wapi na anunue pamba kwa bei gani.

Nilikaa chini. Tausi ni wale wanunuzi wa pamba wenye magunia mekundu! Mimi nilikuwa karani wa mzani wa chama cha msingi cha ushirika miaka kumi na minne. Bei ilikuwa moja nchi nzima, naiandika ubaoni kwa chaki mara moja, inakaa msimu mzima. Tangu wafungulie biashara kwa watu binafsi, miaka miwili sasa, asubuhi bei hii, jioni bei ile, Bariadi hivi, Kasoli vile, na mimi chaki yangu imebaki ya kuchorea watoto. Leo nimesikia bei ikizaliwa!

Joakim hataki pesa. Anataka maksai wa kulimia.

Jumatano, 3 Julai 1996

Nimemweleza Philomena kwa upole. Nikamwambia mke wangu, hii si starehe, ni biashara. Pamba imejaa chumba kizima, watoto wanalala juu yake. Tukizijua bei kabla ya wenzetu, tunauza siku ya bei ya juu kabisa na kuezeka nyumba nzima mabati kabla ya mvua.

Akaniuliza, kama ni biashara, zile bahasha kumi za barua za ng'ambo ni za kumwandikia nani. Huyu mwanamke!

Kisha akasema sawa, fanya utakavyo na pamba ya shamba lako. Ile ya shamba lake yeye nisiiguse. Akachukua mkeka akautundika katikati ya chumba, pamba yake huku, yangu kule. Miaka kumi na tisa ya ndoa ya kanisani, tumegawanywa na mkeka.

Nimempeleka Malunde kwa Joakim. Maksai mzuri, mpole. Aligeuka kunitazama. Mimi sikugeuka, nilikuwa nimebeba redio.

Alhamisi, 4 Julai 1996

Fundi alisema bila waya mrefu wa kunasia mawimbi ni kazi bure. Waya mrefu uliopo hapa ni ule wa Philomena wa kuanikia nguo. Nimeuvuta toka jikoni mpaka kwenye paa la banda la ng'ombe, unaonekana toka barabarani. Safi kabisa! Saa kumi na mbili jioni nikamnasa Tausi Moja. Anasema kesho mzani wa Bariadi unapanda bei. Pale pale sauti ikafifia. Natoka nje, naona shuka mbili mbichi, kanga nne na suruali yangu vinaning'inia kwenye waya. Nimempigia Philomena kelele. Akauliza hizo nguo azianike kwenye kadi zangu?

Siri hii nimemwambia Masunga peke yake, yule kaka yake Philomena wa nyumba ya pili. Nilimwapisha.

Ijumaa, 5 Julai 1996

Imepanda! Vilevile nilivyosema!

Na ninasema nilivyosema kwa sababu kumbe kijiji kizima kilijua. Masunga kaapa nusu nusu. Jana jioni mnunuzi wa magunia mekundu alipita na lori hapa kwetu, hakupata hata kilo. Kila mlango walimwambia wanangoja kesho, Baba Winnie, yaani mimi, kasikia kwenye redio. Leo wameuza sehemu ya pamba yao kwa raha zao. Asubuhi nimepata salamu za mwangaluka nyingi kuliko msimu wote niliokuwa karani. Mzee mmoja kaniletea kuku.

Mimi sikuuza. Wa kwanza kujua bei auze siku ya kwanza, kama mtu asiye na redio? Ngoja ipande zaidi.

Jioni nikapanda baiskeli hadi kwa Hilali. Nilikuwa na haki. Nikamweleza yote: kitufe, bata, Tausi Moja, Tausi Mbili, saa wanazoongea. Hilali akawa ananikonyeza, anakohoa, anapangusa kaunta isiyo na vumbi. Wivu ni ugonjwa! Palikuwa na bwana mmoja mwenye kofia nyekundu anakunywa soda, mtu mstaarabu sana. Huyo alisikiliza. Akaniuliza nakaa wapi hasa. Nikamwelekeza vizuri: kijiji cha kwanza baada ya daraja, nyumba yenye waya mrefu.

Akanilipia soda.

Jumamosi, 6 Julai 1996

Nimeipata! Bei ya bei!

Leo Tausi Moja kasema Jumatatu mzani wa Kasoli utanunua kwa bei ambayo haijawahi kuonekana tangu biashara ifunguliwe. Watu wa Bariadi wasiambiwe, hasa wa kijiji kile cha baada ya daraja. Alisema taratibu, akarudia mara mbili, kama mwalimu anayetoa imla. Siku nyingine wanaropoka tu, hupati neno. Nadhani kampuni imewafundisha.

Safari hii sikumwambia mtu. Walipata yao Ijumaa, inatosha.

Philomena nilimwambia, maana mke ni mke. Akasema mtu mwenye siri hairudii mara mbili. Nikamweleza kwamba redio kolu zina utaratibu wake, na mtu asiyezijua asiziingilie. Akaendelea kuchambua pamba yake, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule.

Jumapili, 7 Julai 1996

Saba Saba. Watu wameenda kutazama ngoma, mimi napakia mkokoteni. Pamba yangu yote. Chumba upande wangu wa mkeka kimebaki sakafu.

Tatizo ni ng'ombe. Nimebaki na Tungu peke yake, na mkokoteni unataka wawili. Masunga kaniazima wake baada ya kunisimanga sana. Nimewafunga nira kujaribu. Haloo! Tungu amefundishwa kuvuta kulia. Wa Masunga naye amefundishwa kulia. Aliyekuwa wa kushoto ni Malunde, na Malunde sasa ni wa fundi redio. Hawa wawili wanasukumana kugombea upande mmoja, mkokoteni unakwenda kwenye mashamba ya watu.

Nimepeleka ujumbe kumwomba Joakim aniazime Malunde kwa siku moja. Akasema atafikiria, kwanza nikamrudishie bisibisi yake niliyoazima.

Jumatatu, 8 Julai 1996. Kasoli.

Naandika nimekaa juu ya pamba. Sina pengine pa kukaa.

Tulitoka jogoo la kwanza. Tumeingia shamba la viazi, la mtama, na uwanja wa shule, mwalimu mkuu akatoka na filimbi. Nimefika saa tisa alasiri, vumbi mpaka kwenye meno.

Kituo cha magunia mekundu kina kufuli.

Mlinzi anasema mzani ulipakiwa kwenye lori tangu jana. Nikamuuliza umepelekwa wapi. Akasema kijiji kimoja huko Bariadi, baada ya daraja, dereva aliambiwa atafute nyumba yenye waya mrefu.

Nikamwambia haiwezekani, nimesikia kwa masikio yangu. Akaniuliza nimesikia nini. Nikainama kukaza kamba za nira.

Kuna mnunuzi mwingine hapa, wa kampuni nyingine. Alichota pamba yangu kiganjani, akaipuliza, vumbi likamrudia usoni. Akasema hiyo ni fifi. Fifi! Karani wa mzani miaka kumi na minne, niambiwe fifi na kijana wa juzi! Akakata bei alivyotaka, nimekataa. Narudi nayo.

Jumanne, 9 Julai 1996

Sijui nianzie wapi.

Lori lilikuja mpaka uani kwangu. Mzani waliutundika kwenye mlango wa banda langu la ng'ombe, chini ya waya wangu. Jana kutwa wamenunua kijiji kizima, na kwa bei nzuri, maana wakulima walishaizoea ile ya Ijumaa na hawakukubali chini yake. Masunga kauza. Mzee wa kuku kauza. Philomena kauza yote, safi na fifi kila moja na bei yake, na akamwomba dereva ampitishe dukani. Mabati yako hapa, yameegemea ukuta wangu, yananing'arizia machoni.

Yanatosha nusu ya nyumba. Amesema yataishia pale pamba yake ilipoishia, yaani kwenye mkeka. Nikamwambia mvua haijui mkeka. Akasema basi nimwambie Tausi Moja.

Kuiambia ukweli shajara hii: hilo liliniuma. Upande wangu wa nyasi unavuja tangu mwaka juzi. Watoto wote wanahamia kwake. Winnie, mkubwa wangu, alibeba godoro lake ananipita, akaniambia pole, Baba. Heri angenicheka.

Saa kumi na mbili nikawasha redio nijitulize. Nikawakuta Tausi. Mmoja anamuuliza mwenzake kama mzee wa waya amerudi toka Kasoli. Mwenzake akajibu amerudi, na pamba yake yote. Wakacheka! Wakacheka mpaka sindano ya sauti ikagonga mwisho wa kioo. Mmoja alicheka hadi akapaliwa, nikasikia mtu anampiga mgongoni.

Nimewatukana nusu saa. Redio hii haipeleki maneno, inapokea tu.

Lakini lazima nikiri, sauti ilikuwa safi mno. Ile nyeusi ya umeme isingenipa mpaka makofi ya mgongoni. Nilichagua vizuri.

Jumatano, 10 Julai 1996

Mafundi wako juu ya paa tangu asubuhi. Nyundo, nyundo, nyundo. Upande wake. Huku kwangu kila pigo linadondosha nyasi na mchwa juu ya redio. Nimeifunika kofia.

Hilali kapita kwa baiskeli kuniletea kile kiberiti nilichokisahau. Akasema siku ile alikuwa anajaribu kuninyamazisha, yule bwana wa kofia nyekundu ndiye mnunuzi mwenyewe. Nikamwambia nilikuwa najua. Akaitazama redio muda mrefu. Alikuwa akiimezea mate, nimemwona!

Masunga kamchukua ng'ombe wake na kuapa, safari hii nzima nzima, kwamba harudi. Philomena anasema kesho lori la kampuni nyingine litapita hapa, wananunua hata yenye vumbi, niuze yaishe, nipate walau mabati ya juu ya kitanda. Bei ni ya wastani. Nilikuwa nimeshakubali, kweli kabisa. Nilimwambia sawa, Mama Winnie.

Halafu ikafika saa kumi na mbili.

Tausi Moja kamwita Tausi Mbili. Akamwambia Ijumaa mzani unakwenda Shishiyu, na bei ni zaidi hata ya ile ya Kasoli. Sasa, mimi si mtoto. Mtu akishaumwa na nyoka anachunguza. Nimechunguza. Jumamosi walisema kwa sauti kubwa, taratibu, mara mbili: ule ulikuwa uongo. Leo wamesema haraka, mara moja, na wamenong'ona. Mmoja hata alimwambia mwenzake shii!

Nani anong'one uongo? Naondoka alfajiri kwenda Shishiyu, na Tungu atavuta peke yake.