Kabichi za Kumpokea Mkwe

Jumatatu, 1 Julai. Kasulu.
Balaa! Mzee Abdulrahmani wa Kibondo, baba yake mchumba wangu Siti, kapiga simu. Jumamosi anakuja kuona bustani yangu. Anasema binti yake haolewi na muuza vitenge asiyejua kushika jembe. Kosa langu: nilijigamba kwamba nina kabichi za kulisha Kasulu nzima. Nimekimbilia bondeni. Vidukari! Wadudu hao wadogo wamejaa, majani yamejikunja, yananata. Jirani yangu Longinus humwagia zake maji ya sabuni, kanishauri nifanye hivyo. Kabichi zake zina matundu kama chujio. Sitaki ushauri wa chujio.

Jumatano, 3 Julai
Nimepata dawa kwa Firdausi wa duka la pembejeo. Ajabu! Kabichi inainywa yenyewe, nayo dawa inapanda na utomvu hadi kila jani. Mdudu akifyonza, kwisha. Firdausi kasema pia nipime kifuniko kimoja cha dawa kwa pampu moja ya maji, nivae barakoa, nisivune hadi wiki mbili zipite. Anaongea sana yule dada. Nimetia vifuniko viwili. Anayekuja ni mkwe! Barakoa sina, nimejifunga usoni kanga ya dada yangu Swaumu. Upepo ukanigeukia. Macho yanawasha hadi sasa. Swaumu kaisusa kanga yake.

Ijumaa, 5 Julai
Vidukari wote chali! Kabichi zinang'aa. Nimempitishia Longinus moja mbele ya pua. Kaendelea kumwaga sabuni yake. Raha iliyoje!

Jumamosi, 6 Julai
Mzee kafika. Kaipapasa kabichi kama kichwa cha mtoto mchanga. Kasifu! Swaumu akaandaa chakula kwa kabichi hizohizo. Ningenyamaza tu. Lakini nikaanza kueleza ufundi wangu: dawa iko ndani ya jani, Mzee, hata ulioshe vipi haitoki! Tonge likasimama hewani. Akauliza nimepiga lini. Nikasema Jumatano.

"Badru, nimekuja nikuoze au unizike?"

Chakula kikafukiwa shimoni. Mzee akaenda kula kwa Longinus na mkewe Philomena. Akaongezewa mara mbili! Kisha akamuuliza Longinus kama ana rafiki Mwislamu ambaye hajaoa. Longinus kasema anaye mmoja tu, ndiye mimi. Na lile tonge lilikuwa karibu kumezwa!

Jumapili, 7 Julai
Siti kapiga simu. Kwanza kalia, kisha kacheka. Kambembeleza baba yake. Firdausi naye, kwa vile vifuniko viwili, kaniambia nisubiri mwezi mzima tangu siku ile, na nikipiga tena nianze kuhesabu upya. Basi Mzee atarudi tarehe 3 mwezi ujao, tutakula kabichi zilezile, mimi nikitangulia. Siti kasema kazi yangu ni moja: nisiguse kitu.

Alhamisi, 11 Julai
Kazi nyepesi kuliko zote. Nimeketi ukingoni mwa bustani tangu asubuhi, sigusi kitu. Mchana nikaona kidukari. Mmoja! Tena anaonekana mgonjwa. Lakini Mzee akija amkute? Nimepiga pampu moja ya dawa ileile, nyepesi, kumtisha tu. Kisha nimemtumia Siti ujumbe: mwambie Baba tarehe ni ileile.