Jinsi Guliko wa Guria Alivyoiteka Kamera ya Kanda pale Daraja Kavu

Nyamazeni kidogo, enyi mliokaa na mliosimama, na anayetafuna ameze kwanza, kwa maana naianza habari kubwa: habari ya Guliko Dolidze, mjane wa kaka yangu Parmen, mwonja chai mkuu wa kiwanda cha Ozurgeti kwa miaka thelathini na mmoja, mwenye ulimi usiodanganywa na jani wala na mwanamume, jinsi alivyotoka mkoani kwetu Guria kwa treni, akashuka Tbilisi, mji mkuu, akaingia katika uwanja wa vita uitwao Daraja Kavu, soko la vitu vikuukuu, akarudi na kamera ya video isiyozidi ukubwa wa mkate mdogo. Wafalme wameimbiwa sana, na wengi wao hawakuwahi kuchagua kitu chochote wenyewe. Mimi namwimbia huyu.

Jina langu ni Silovan, shemeji yake, mbeba mfuko wake katika safari ile. Niliyaona yote kwa macho yangu, na mengine niliyaona kwa hofu.

Jueni basi chanzo cha vita. Ukoo wetu una wimbo wa mezani wa sauti tatu. Sauti ya chini ni yangu, ya kati ni ya binamu yetu Varlam, na ile ya juu kabisa, inayorukaruka kama jogoo aliyeudhiwa, ilikuwa ya Parmen. Kila mwaka Parmen alituahidi kwamba atamfundisha mtu sauti hiyo, zabibu zikishavunwa. Miaka kumi na moja iliyopita alifariki, zabibu zikiwa bado mbichi, na tangu hapo wimbo wetu umekuwa stuli ya miguu miwili. Sasa mjukuu wake Tekle anaolewa Jumamosi, naye alimwambia bibi yake kwamba hataki sufuria wala mashuka, anataka wimbo wa babu mezani pake. Guliko, akiwa na miaka sitini na nane, akaapa kuwa sauti ile atajifunza yeye mwenyewe.

Atajifunza kwa nani? Sauti ya Parmen ilikuwa imebaki mahali pamoja tu ulimwenguni, ndani ya kanda moja ndogo ya mwaka 1997, ya harusi ya wazazi wa Tekle. Kamera iliyoirekodi ilikwisha kutumbukia katika pipa la maji ya zabibu, ikafa kifo cha furaha. Ilibidi itafutwe nyingine, ya kushikika kwa kiganja, iwezayo kuisoma kanda ile na kuipitisha kwa waya hadi kwenye kompyuta ya Tekle, isipotee tena milele. Na Jumamosi iirekodi harusi yenyewe, maana Guliko hana imani na chombo cha kazi moja.

Na hofu yangu ilikuwa hii: mshika kamera wa 1997 alikuwa mimi. Mkuu wa meza alipoinua pembe ya divai kuwakumbuka marehemu, watu wote walisimama na glasi mikononi kama ipasavyo, nami ningesimamaje mbele ya wafu na mashine mkononi? Niliiweka mezani, nikashika glasi. Kisha wimbo ukafuata. Je, niliizima kabla ya kuiweka? Sikukumbuka hata kidogo. Katika treni Guliko aliipakata kanda ile, ameivika soksi ya sufu, nami nilitazama ng'ombe dirishani kama mtu anayetaka kununua.

Tukafika Daraja Kavu. Huko alitawala Jemali, bwana wa nyaya, sultani wa chaja zilizopotelewa na simu zao, ambaye jeshi lake la kamera lilikuwa limepangwa juu ya blanketi, juu ya boneti ya Lada nyeupe.

"Karibu mama, karibu!" akasema, akiinua kamera nyembamba inayong'aa. "Hii ndiyo habari ya mjini. Unamrekodi mtu, unahesabu hadi nywele za pua."

Guliko akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Mdomo wake uko wapi?"

"Mdomo gani?"

"Wa kulia kanda."

"Ah, mama, za siku hizi hazili kanda. Zinatumia kadi."

"Basi muuzie asiye na wafu," akanena Guliko. "Mimi mume wangu yuko kwenye kanda."

Jemali akaleta ya pili, yenye mdomo, lakini mdomo mdogo mno. Akaleta ya tatu, nyeusi, nene, yenye mdomo wa kutosha kabisa, akairefushia waya kutoka kwenye betri ya Lada, taa yake ikawaka nyekundu. Akanyoosha mkono kuelekea soksi. Hapo shujaa wetu akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima, na wauza samovari wa jirani, yale mabirika makubwa ya chai, wakaacha kusugua.

"Rudisha mkono huo, kijana! Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kutia sahihi kwenye gunia nisilolionja, na sikuwahi kuonjea kikombe nisichokijua. Unataka mashine yako imwonje Parmen wangu? Ianze na kanda yako!"

"Yangu? Mama, hapa ninayo moja tu. Siku yangu ya kuzaliwa, nilipotimiza miaka saba!"

"Na sasa una mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Keki umeshaimaliza. Tia."

Jemali akatia. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikatafuna. Alipoufungua mdomo wake, utepe wa kahawia ulitoka umekunjamana dhiraa nzima, na Jemali wa miaka saba hakuonekana tena na mtu. Guliko aliibana soksi kifuani kwa mikono miwili.

"Huyo angekuwa Parmen wangu," akasema polepole. Kisha akafungua mfuko, akamkatia Jemali kipande kikubwa cha jibini. "Pole, mwanangu. Kula. Halafu lete iliyo nzima."

Nadhani jibini ile ndiyo iliyoamua vita. Jemali alitafuna, akaona haya, akaingia nyuma ya Lada, akarudi na kamera ya rangi ya fedha, ndogo, bawaba yake imefungwa kwa plasta ya kidonda.

"Hii nilikuwa siiuzi," akasema. "Betri haishiki moto muda mrefu, utaitumia kwa waya. Lakini inasoma kanda za zamani, inatoa kwenye kompyuta, na inarekodi. Ilikuwa ya mjomba."

Kwa jirani ikaazimwa kanda ya mechi ya mpira. Guliko akaipeleka mbele, akairudisha nyuma, mara nne, sikio lake juu ya mashine na pua yake pia, kama alivyokuwa akiinamia vikombe vya mavuno ya kwanza. Kanda ikatoka salama. Akatia kanda tupu, akanielekezea mimi kamera.

"Sema neno, shemeji."

"Sina neno."

Akatazama kioo. "Umetoka na uso wa mwizi wa kuku. Kamera hii haidanganyi, naichukua." Akaanza kuivua soksi.

Nikashindwa. "Guliko, ngoja! Ile glasi ya marehemu... kamera niliiweka mezani. Sijui kama niliizima. Inawezekana wimbo haumo."

Guliko akaacha kuivua soksi, akanigeukia.

"Lini umekumbuka?"

"Jumatatu, uliposema tunakuja."

"Ukanilia chakula changu treni nzima na siri hiyo!" Kisha akavuta pumzi. "Silovan, ungekaa na mashine mkononi wakati marehemu wanatajwa, ningekutoa harusini kwa kola. Ulifanya sawa. Sasa nyamaza."

Akatia kanda. Alitokea bibi harusi, kikatokea kidole gumba changu, ikatokea pembe ya divai ikipanda juu. Halafu dunia ikainama, ikagota, na kioo chote kikajaa kitu kimoja: sahani ya mkate wa mahindi. Sahani haikuondoka.

"Umerekodi mkate, shemeji."

"Nimerekodi mkate," nikakiri kwa furaha, maana picha ilikuwa bado inaendelea, sikuwa nimeizima.

Ndipo sauti ikapanda. Parmen alikuwa amekaa nyuma ya sahani ile ile, mdomo wake shubiri moja kutoka kwenye kamera, na sauti yake ikatoka safi kuliko sote, ikaruka, ikavunjika, ikaruka tena, huku sisi wengine tukinguruma mbali kama tuko chumba cha pili. Kati ya ubeti na ubeti mkono uliingia kwenye picha, ukamega mkate, ukatoka.

"Mkono wake," akasema Guliko. "Angalia, bado anachukua kipande cha pembeni." Akalia bila kujificha, na Jemali akageuka kupanga nyaya zilizokwisha pangwa.

Kisha Guliko akajifuta kwa ile soksi. "Rudisha nyuma."

Mara ya kwanza alipojaribu kuimba naye, sauti ilimkwama. Mara ya pili mbwa wa muuza samovari akajibu. Bei ikatajwa, akailipa bila kupunguza hata tetri moja, jambo ambalo Guria haitaliamini, akasema: "Rudisha nyuma tena. Na wewe shemeji, uimbe, usisimame kama gogo."

Basi iandikwe, na wajukuu wakariri, kwamba siku ya Jumatano, alasiri, mbele ya boneti ya Lada nyeupe, mashahidi wakiwa wauza samovari na mbwa mmoja, Guliko Dolidze alikifikia kile kilele alichokiacha mumewe, akakishika pamoja naye, sauti yake na ya Parmen zikawa moja juu ya mkate wa mahindi, na hakukiachia hata pale mimi, mwenye mapafu ya besi, nilipoishiwa pumzi.